Mkonge wa Tanga na Mashine Iitwayo Korona

Mkonge hauliwi. Hakuna mama wa Korogwe aliyewahi kuubandika jikoni, na ng'ombe akipita kando ya shamba lake huendelea na safari yake. Maji ya jani yakimwagikia ngozi huwasha, na ncha ya jani ni mwiba mweusi, mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne zao hilo ndilo lililoendesha bandari ya Tanga, likajaza mabehewa ya reli ya Usambara, na likawatoa vijana Songea, Kasulu na Burundi kwenda kuishi kambini na watu ambao hawakuwajua hata kwa salamu.

Miongoni mwa mazao ya biashara ya Afrika Mashariki, mkonge una tabia yake. Kahawa Mchagga aliipanda kihambani chini ya migomba, akaimenya kwa mashine ndogo ya mkono, kisha akaipeleka chamani. Pamba Msukuma aliilima kando ya mtama wake, na ikipimwa kwenye mizani yeye yupo, anatazama. Mkonge wa Tanga haukukubali mpango wa namna hiyo, na sababu imo ndani ya jani lenyewe. Katika kila kilo 100 za majani mabichi, nyuzi ni kilo nne hivi. Zilizobaki ni maji na makapi. Tena jani likishakatwa halingoji: siku moja, zikizidi sana mbili, liwe limeshapita mashineni, la sivyo linakauka na nyuzi haziachani vizuri na nyama yake. Kwa hiyo mashine lazima iwe karibu na shamba. Mashine ni ghali, na hailipi gharama zake bila kulishwa majani kutwa kucha, mwaka hadi mwaka. Kuishibisha kunataka shamba la mamia, au afadhali maelfu ya hekta. Ukubwa wa mashamba ya Tanga ulianzia kwenye hesabu hiyo, hata kabla ya kuitaja tamaa ya mkoloni. Na tamaa nayo ilikuwapo, tena nyingi.

Mashine yenyewe watu wa mashambani huiita korona, na walikuwa wakiiita hivyo miongo mingi kabla ya ugonjwa wenye jina hilo kuitisha dunia. Majani huingizwa upande mmoja yamelala sambamba. Magurudumu yenye visu butu huyaponda na kuyakwangua huku maji yakimiminwa, na upande wa pili hutoka nyuzi mbichi za rangi ya kijani hafifu. Nyuzi hizo huanikwa kwenye waya juani hadi ziwe nyeupe, hupelekwa kwenye brashi ili kuondoa vumbi na vipande vifupi, hupangwa kwa madaraja, kisha hushindiliwa kuwa marobota ya kilo 250. Makapi husukumwa na maji nje ya kiwanda. Anayepita karibu na korona inayofanya kazi hana haja ya kuulizia njia. Harufu ya makapi yaliyochacha humfikia mapema.

Mmea huu si mwenyeji. Kwao ni Meksiko, na safari yake ya kuja Tanga ilikuwa na mikasa. Katika miaka ya 1830 daktari Mmarekani, Henry Perrine, aliyekuwa konseli wa nchi yake huko Campeche katika rasi ya Yucatan, alituma miche Florida akiamini kwamba huko ungekuwa utajiri mpya. Mwaka 1840 aliuawa katika vita kati ya Waseminole na walowezi, na mkonge wake ukabaki ukijiotea tu kusini mwa Florida, hauna mwenyewe.

Nusu karne baadaye Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alikuwa anatafuta zao la kustahimili ukavu wa nyanda za pwani. Katika jarida la bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, akakuta habari za nyuzi za Yucatan. Kupata miche kutoka Meksiko kulikuwa kugumu, maana Wameksiko waliilinda biashara yao, kwa hiyo akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikasafirishwa kwanza hadi Hamburg, ikapakiwa tena kuja Afrika. Kufika Tanga, iliyokuwa bado hai ilikuwa 62 tu. Mwaka 1893 ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Bahati ya Hindorf ni kwamba mkonge hauhitaji mbegu. Mmea huishi miaka kumi hivi, kisha huchomoza katikati mlingoti mrefu kuliko nyumba, unatoa maua mara moja tu, halafu unakufa. Lakini kabla ya kufa hujaza matawi ya mlingoti huo vichipukizi vidogo mamia kwa mamia, mbali na maotea yanayochipua ardhini kuuzunguka. Kufikia 1898 ile miche 62 ilikuwa imeshazaa zaidi ya 60,000. Mwaka 1913 koloni la Wajerumani lilisafirisha zaidi ya tani 20,000 za nyuzi.

Reli ilisaidia. Ujenzi wake kutoka Tanga ulianza mwaka huohuo wa 1893, ikafika Korogwe 1902, na kila ilipopita mashamba yaliifuata kwa pande zote mbili. Kilichokosekana ni watu.

Wabondei, Wazigua, Wadigo na Wasambaa walikuwa na mashamba yao. Kwa nini mtu mwenye mahindi, mihogo na migomba yake aende kukata majani yenye miiba kwa mshahara kiduchu? Wengi waliona faida zaidi kuwauzia chakula wenye mashamba ya mkonge kuliko kuwauzia migongo yao. Serikali ya Kijerumani ikaleta kodi ya nyumba, rupia tatu kwa mwaka, ikidaiwa kuanzia 1898, ili fedha iwe haja ya kila kaya. Ilipoonekana kwamba kodi peke yake haitoshi, huko Usambara wanaume walipewa kadi zilizowalazimu kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Hata hilo halikuyatosha mashamba, na ndipo wapiga mbiu wa kazi walipoelekeza macho bara: kwa Wanyamwezi, Wasukuma, na baadaye karibu kila pembe ambako fedha ilikuwa haba.

Vita Kuu ya Kwanza iliyatoa mashamba mikononi mwa Wajerumani. Waingereza waliyanadi kama mali ya adui. Wagiriki walinunua, Waswisi walinunua, Wahindi walinunua, na familia ya Karimjee Jivanjee ikawa miongoni mwa wenye mashamba wakubwa kabisa. Wajerumani wenyewe waliruhusiwa kurudi kuanzia 1925. Mwenye shamba alibadilika. Mkataji hakuona tofauti kubwa. Wakati bei ilipoporomoka katika mdororo wa uchumi ulioanza 1929, wenye mashamba waliitikia kwa njia waliyoizoea, yaani kupunguza mishahara na kuongeza tani. Mwaka 1930 walikuwa wamekwisha kuunda chama chao cha wakulima wa mkonge, na mwaka 1934 kituo cha utafiti kikaanzishwa Mlingano, si mbali na mji wa Tanga.

Inafaa kusimama kidogo kwenye kipande, yaani kadi ya kazi, kwa sababu hapo ndipo maisha ya shambani yalipopimwa. Kibarua alipewa kadi yenye nafasi 30. Kila siku alipangiwa kazi yake: idadi ya mafungu ya majani ya kukata, yaliyofungwa thelathini thelathini, na ncha zenye miiba zikiwa zimekatwa. Akiimaliza, karani anaweka alama. Asipoimaliza, kwa sababu jua limemzidi au mwiba umemchoma jichoni, siku hiyo haikuwapo. Mshahara ulilipwa kadi ikijaa, si mwezi ukiisha, kwa hiyo mtu angeweza kukaa kambini wiki sita au zaidi akaondoka na malipo ya siku 30. Wanyapara walijua kwamba alama moja ndogo ya wino ilikuwa na uzito kuliko kiboko.

Walioletwa kwa mikataba kutoka mbali waliitwa manamba. Hao walitoka Songea, Njombe, Ufipa, Kigoma, Ruanda-Urundi, na Wamakonde walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Vita Kuu ya Pili ilipoipa Japani Ufilipino na kisiwa cha Java mwaka 1942, Waingereza na Wamarekani walipoteza nyuzi zao nyingine kubwa za kamba kwa wakati mmoja, na mkonge wa Tanganyika ukawa silaha ya vita. Serikali iliwaandikisha watu kwa nguvu kwenda mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, iliyojulikana kote kama SILABU, ikawa na malori, kambi za kulala njiani na mawakala katika wilaya za mbali. Kijana wa Umatengo aliyepanda lori la SILABU hakuwa lazima amelazimishwa na askari. Alikuwa na kodi ya kulipa na mahari ya kutafuta, na mara nyingi kaka yake alikuwa ametangulia.

Na manamba hawa walikula nini? Swali hilo wanaolisifu zao la biashara hulipita haraka. Ardhi nzuri kandokando ya reli, kutoka Muheza hadi Mombo, ilikuwa chini ya mmea usiolika, na maelfu ya wanaume waliohitaji kula hawakuwa na wake wala makonde ya kulima. Mwajiri aliwapa posho: unga wa mahindi, maharage, chumvi. Unga huo ulipaswa kununuliwa, mwingine kutoka mbali, na mvua zikikosekana bei ya chakula ilipanda kwa wote, aliye na mkonge na asiye nao. Wabondei waliokuwa na mazao ya kuuza walipata soko. Hilo nalo ni kweli.

Kuna kisa kimoja cha upande wa pili wa nchi kinachoonyesha jinsi mambo yangeweza kuwa. Wasukuma walipanda mkonge mipakani mwa mashamba na kandokando ya maboma ya mifugo, hasa kama ua wa kuzuia ng'ombe. Bei ilipopaa baada ya vita, wakaanza kuyakata majani ya nyua hizo, wakatoa nyuzi kwa mikono na kwa mashine ndogo, wakauza. Nyuzi zao zilikuwa za daraja la chini kuliko za Tanga, lakini fedha ilibaki nyumbani, wala hakuna aliyehitaji kipande. Bei iliposhuka waliuacha mkonge wao uendelee kuwa ua. Mwenye korona hakuwa na njia hiyo ya kutokea.

Miaka ya dhahabu ilikuwa ya Vita vya Korea. Mwaka 1951 mkonge peke yake ulileta zaidi ya nusu ya thamani ya mauzo yote ya Tanganyika nje ya nchi. Wateja wakubwa walikuwa wakulima wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, waliotumia kamba za mkonge kufungia nyasi kavu na ngano mashambani mwao, pamoja na meli zilizohitaji kamba nene. Tanga ikanawiri. Maduka ya Ngamiani, yenye mitaa inayohesabiwa kwa namba, yalijaa wateja kila mishahara ilipotoka, na dansi ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz ilikulia katika mji huohuo uliolishwa na mashamba.

Vibarua nao walianza kuhesabu. Kamati za mashambani zilizoanzishwa ili kuwatuliza ziliishia kuwafundisha kudai. Mwaka 1958 ulikuwa mwaka wa migomo, ule wa shamba la Mazinde ukitajwa zaidi kuliko mingine, na chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashambani kikawa miongoni mwa vyama vikubwa nchini. Mishahara ilipanda. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 nchi ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na zaidi ya watu 100,000 walifanya kazi kwenye mashamba hayo. Lakini serikali mpya haikutaka migomo zaidi ya ile ya zamani ilivyoitaka: Januari 1963 kiongozi wa chama hicho, Victor Mkello, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri, mbali na reli na mbali na wanachama wake.

Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia kilele, tani 230,000 hivi. Haujafika hapo tena.

Kilichofuata huelezwa kwa namna mbili, kutegemea anayeeleza ni nani. Wapo wanaosema Azimio la Arusha ndilo lililouua mkonge: mwaka 1967 serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba, mameneja wakaondoka, shirika la umma likashindwa. Wapo wanaosema ni nailoni. Tarehe zinawaunga mkono hawa wa pili, angalau mwanzoni. Bei ilikuwa imeshaporomoka kwa zaidi ya nusu kati ya 1964 na 1967, kabla ya shamba lolote kutaifishwa, kwa sababu kamba za plastiki zitokanazo na mafuta ya petroli zilikuwa rahisi, hazikuoza, na kiwanda chake hakikuhitaji kungoja mmea ukue miaka mitatu. Wenye mashamba wengi walikuwa wameacha kupanda upya. Serikali ilirithi mashamba yaliyokuwa yamezeeka. Mwalimu Nyerere alipenda kuutumia mkonge katika hotuba zake kueleza unyonge wa nchi maskini: mwaka hadi mwaka tani nyingi zaidi zilihitajika kununua trekta lilelile.

Lakini wanaoilaumu serikali wana hoja moja isiyojibika kirahisi. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, plastiki ikawa ghali na bei ya mkonge ikaruka juu ghafla. Hiyo ndiyo siku ambayo shirika la umma lingepaswa kuvuna. Halikuwa na cha kuvuna: miche haikuwa imepandwa kwa wakati, korona zilikosa vipuri, na manamba hawakuwapo tena kwa sababu hakuna aliyetaka kuishi kwenye kambi za zamani kwa mshahara ule. Kutoka takriban tani 200,000 mwaka 1970, uzalishaji ulishuka hadi takriban 85,000 mwaka 1980, na mwaka 1990 haukufika 35,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mashamba yakibinafsishwa, ulikuwa karibu na tani 20,000, kiasi kilekile cha enzi ya Mjerumani. Brazili ilikuwa imeshachukua nafasi ya kwanza siku nyingi.

Ajabu ni kwamba kazi bora kabisa ya Tanga iliendelea kuzaa kwingine. Utafiti wa uzazi wa mimea ulioanzia Amani, kwenye milima ya Usambara, na kuendelezwa Mlingano ulitoa chotara namba 11648, inayotoa majani mengi zaidi kuliko mkonge wa Hindorf kabla ya kupeleka mlingoti juu. China iliichukua katika miaka ya 1960 na kuifanya mbegu yake kuu. Leo China ni mnunuzi mkubwa wa nyuzi za Tanzania, na mashambani mwake unakua mmea uliozaliwa Tanga.

Hale, mwaka 2007, kilifunguliwa kiwanda kidogo cha kuzalisha umeme kwa gesi itokanayo na makapi, zile kilo 96 katika kila 100 zilizokuwa zikitiririshwa mtoni tangu enzi ya Kikogwe. Majaribio mengine yapo, ya mbolea na ya chakula cha mifugo. Bado ni madogo.

Jambo kubwa zaidi limetokea kwenye umiliki wa shamba. Katika Korogwe na jirani zake, sehemu za mashamba ya zamani zimegawiwa wakulima wadogo, ambao leo wamo katika vyama vya ushirika vya msingi kama vya Hale, Magoma na Ngombezi. Mjukuu wa manamba anaweza kuwa na ekari zake za mkonge mahali babu yake alipowekewa alama kwenye kadi. Mwaka 2020 serikali ilitangaza lengo la kutoka tani 36,000 hivi hadi tani 120,000 ifikapo 2025, na miche ikagawiwa kwa wingi. Uzalishaji umepanda kweli, lakini mwaka 2024 ulikuwa bado mbali na lengo.

Tatizo linalotajwa mara kwa mara katika vikao vya wakulima hao si ardhi wala miche. Ni korona. Mashine ni chache, nyingi ni kuukuu na si za wakulima, na majani yanakomaa kwa wakati mmoja kwa watu wengi. Mwenye ekari tano asiye na zamu mashineni yuko palepale alipokuwa kibarua mwenye kadi isiyojaa: kazi ameifanya, malipo hayapo. Katika hotuba za maofisa mkonge huhesabiwa kwa tani na kwa miche. Bodi ya Mkonge ingefanya vema kuongeza safu moja kwenye taarifa zake za kila mwaka, ikionyesha ni korona ngapi zinamilikiwa na vyama vya wakulima wenyewe, na ngapi kati ya hizo zinafanya kazi.